Shilingi 328 na Mbuzi Wawili wa Mama

Mama mkwe wangu alifika langoni kwetu Kitengela jioni ya Jumamosi, tarehe 25 Januari 2025, jua likizama upande wa vilima vya Ngong. Hakuwa ametuma habari. Alisimama nje, shuka begani, fimbo mkononi, akala zake zimejaa vumbi, na mwanawe alipomkaribisha hakuingia. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba nyumba ingali yetu. Akautazama ukuta, akalitazama paa, akalitazama lile tangi jeusi kando ya mlango wa jikoni. Ndipo akafungua fundo kwenye ncha ya leso yake na kunikabidhi noti. Shilingi 9,200.

"Pakerr," akasema, "wapelekee watu hao pesa yao kabla hawajawatoa watoto nje."

Nilieleze jina hilo kwa asiyeijua desturi. Siku nilipoolewa, mimi Mkamba wa Machakos, mama huyu alinipa kondoo jike. Tangu hapo mimi humwita Pakerr naye huniita Pakerr, jina linalotokana na kondoo yule. Wamaasai waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng. Kilichotolewa hakiwezi kusahauliwa, maana kila salamu hukitaja. Nimeolewa miaka 15 na sijawahi kumsikia akiniita kwa jina langu la ubatizo.

Siku mbili kabla ya safari hiyo mtu alimpigia simu. Nambari ya mama niliiandika kwa mkono wangu mwaka 2022 kwenye fomu ya kadi ya mkopo, palipoulizwa jamaa wa karibu. Mtu huyo alimwambia kwamba mke wa mwanawe ni mdeni sugu, kwamba deni ni elfu tisa, na kwamba madalali wako njiani. Mama hakuuliza zaidi. Alichukua mbuzi wawili wenye mimba, akawapeleka soko la Ilbissil, akawauza kwa bei anayopewa mtu mwenye haraka. Kesho yake akapanda matatu hadi Kajiado mjini, akabadilisha gari, akapita Isinya, akashuka kwetu.

Ukame uliomaliza mifugo ya Kajiado kuanzia 2020 hadi mapema 2023 ulimkuta na ng'ombe 14 ukamwachia 3. Mbuzi ndio waliokuwa benki yake. Naandika haya nikijua kwamba wengine wataona deni langu ni dogo mno kusimuliwa. Lilikuwa dogo kweli. Lilikuwa shilingi 328.

Lilianza na kiu. Agosti 2022, mwezi wa uchaguzi, mvua zilikuwa zimekosa kunyesha msimu baada ya msimu. Anayeishi Kitengela anajua maji ya hapa: visima vingi vina chumvi inayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, na katika sehemu nyingi za Kajiado maji ya chini yana floridi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Tulinunua maji safi kwa jerikeni, na boza likipita tulikuwa hatuna mahali pa kuyaweka. Wakati huo nilikuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha nguo kwenye eneo la EPZ, Athi River, na mkopeshaji mmoja alileta kadi kazini, akatupa fomu tujaze wakati wa chakula cha mchana. Kadi yangu ilinunua tangi la lita 5,000 na vifaa vya kujengea kitako chake. Shilingi 46,500. Siku boza la kwanza lilipolijaza, watoto waligonga ubavu wake kutoka chini kwenda juu wasikie maji yalikofika.

Nililipa. Hilo nataka lieleweke. Kila mwezi kwa mwaka mmoja na nusu nililipa zaidi ya kile kiwango cha chini wanachokubali, maana anayelipa kiwango cha chini tu hulipa riba miaka na miaka na mzigo hupungua polepole mno. Taarifa ya hesabu ya tarehe 15 Januari 2024 ilisema nimebakisha shilingi 11,260. Tarehe 9 Februari nilizituma zote kwa simu, nikapiga nambari ya huduma kwa wateja, nikaomba akaunti ifungwe. Binti aliyepokea alinipongeza, akanipa nambari ya kumbukumbu, nikaiandika kwenye kalenda ya ukutani jikoni. Kisha nikaikata kadi vipande vinne kwa mkasi.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni hili. Taarifa ilitolewa tarehe 15, nami nililipa siku 25 baadaye. Riba ya kadi yangu ilikuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, na katika siku hizo 25 iliendelea kuhesabiwa juu ya zile 11,260. Ikafika 328. Haikuwa kwenye karatasi niliyoilipa kwa sababu karatasi iliandikwa kabla haijazaliwa. Nilikuwa karani wa hesabu na sikuiona. Binti wa simu, aliyekuwa na akaunti yangu mbele yake, hakuisema.

Mwezi Machi mkataba wangu wa EPZ uliisha, na anwani ya baruapepe ya kazini, ambayo ndiyo mkopeshaji aliyokuwa akiitumia, ikafungwa. Aprili ikaja mvua ile kubwa ya 2024, mito ikavunja kingo, maji yakafika hadi barabara ya Namanga, na udongo wetu mweusi ukanata miguuni hata watoto wakabebwa mgongoni kwenda shule. Tangi lilifurika kwa maji ya mabati. Tulikuwa na maji mengi kuliko wakati wowote wa ndoa yetu, nami nilikuwa najiona mtu huru asiyedaiwa na yeyote.

Januari 2025 shule moja ya Kajiado ilinikubali kazi ya karani wa fedha. Walitaka vyeti vyote kufikia tarehe 31: cha tabia njema, cha kodi, na cha CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji. Nilikwenda saiba karibu na steji, kijana akaingiza nambari ya kitambulisho, karatasi ikatoka, naye akainama akaisoma kabla yangu. "Mathee," akasema polepole, "umelistiwa." Yaani nimeandikwa CRB kuwa mdeni asiyelipa. Shilingi 9,140.

Nilikwenda tawi la mkopeshaji hapa Kitengela siku hiyohiyo. Kijana wa dirishani aliniomba nambari ya kadi. Nilimwambia kadi niliikata, nina kitambulisho. Akasema mfumo wao hauoni akaunti za kadi, ziko Nairobi. Nilimwomba apige simu Nairobi. Akasema tawi halipigi simu, mteja ndiye hupiga. Nilipiga nikiwa nimesimama mbele yake, nikasikiliza muziki dakika 40 hadi salio likaisha.

Jumatatu niliamka saa tisa na nusu usiku nishinde msongamano wa Mlolongo. Jijini nilifika ofisi ya kadi kabla haijafunguliwa. Mwanamke wa pale aliiona akaunti, akanisomea jumla, na nilipomwomba mchanganuo wa jumla hiyo akasema faili limeshapelekwa kwa wakusanyaji madeni, wao hawaligusi tena. Wakusanyaji nikawapata orofa ya sita ya jengo jingine. Hapo kijana aliyefunga tai vizuri alinisomea bila kuniangalia: salio 328, faini ya kuchelewa 500 mara miezi sita, ada ya mwaka ya kadi 2,500, riba 812, gharama za ukusanyaji 2,500. Ada ya mwaka ya kadi iliyokatwa. Nikamwambia, nina pesa ya karo kwenye simu, naweza kulipa zote sasa hivi hapa ukinipa barua kwamba nimemaliza, maana kazi inanisubiri. Akasema barua hutolewa na mkopeshaji. Nikarudi kwa mkopeshaji. Akasema barua hutolewa baada ya wakusanyaji kuthibitisha malipo, siku 30 hadi 45. Na jina langu CRB? Hilo ni idara nyingine, na idara hiyo haina dirisha.

Nilirudi Kitengela usiku sijalipa. Nililala bila kumweleza baba watoto, na hapo nilikosea. Kwa siku kumi nilimwambia vyeti vinachelewa. Aliujua ukweli kutoka kinywani mwa mama yake, palepale langoni, mbele ya watoto.

Hakunigombeza. Alimshika mama yake mkono akamwingiza ndani, nikachemsha chai, na usiku ule nikawasimulia wote wawili kila kitu, hadi ile ofisi ya orofa ya sita. Mama alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza: "Deni hili mwenyewe ni nani?"

Nikaanza kueleza kampuni. Akanikatiza. "Mtamba wa mtu nikiuchukua, namjua. Nikimrudishia, anauona ukiingia boma lake, watu wanaona, yamekwisha. Umekwenda na pesa mkononi. Ni nani pale ambaye angeiona ikiingia?"

Nilifikiria dirisha la Kitengela, mwanamke wa Nairobi, kijana wa tai. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kila mmoja wao angeweza kunidai. Hakuna hata mmoja aliyeweza kulipwa.

Baba watoto ndiye aliyeikumbuka nambari ya kumbukumbu. Tukatazama ukutani: kalenda ilikuwa mpya. Ile ya 2024, ya duka la dawa za mifugo, kila mwezi ulipoisha tuliing'oa karatasi yake tukafunikia madaftari ya watoto. Na madaftari ya mwaka huo yalikuwa kwenye gunia kando ya jiko la kuni, kwa kuwashia moto. Tangu Krismasi tulikuwa tunachoma ushahidi wangu ukurasa kwa ukurasa.

Jumapili hatukwenda kanisani. Tulimwaga gunia lile uani, watoto watatu na sisi wawili, tukaanza kufungua majalada. Sayansi ilikuwa na Juni. Kiingereza kilikuwa na Oktoba. Nusu ya madaftari hayakuwa na jalada tena. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya tangi, hajui kusoma, lakini alituita. Februari 2024 alikuwa amekaa kwetu wiki nzima kwa ajili ya kliniki ya macho. "Karatasi ile ilikuwa na fahali wa Sahiwal," akasema. "Mwekundu, nundu yake imelala kushoto. Nilimtazama kila siku nikinywa chai. Mtoto huyu mdogo ndiye aliyeniomba nimwambie amtumie kufunikia daftari gani."

Kitinda mimba akaruka. Daftari la Hisabati. Hakuwa ameliweka guniani kwa sababu ya fahali huyo; alilificha chini ya godoro lake. Tukalifungua jalada taratibu, gundi ya uji imekauka, na kwenye sehemu iliyokunjwa ndani, katika mraba wa tarehe 9, mwandiko wangu wenyewe: kadi imefungwa, na nambari yote ikiwa kamili. Nililia kwa sauti. Sioni haya kulisema hilo.

Baba watoto ana binamu ambaye ni karani katika ofisi ya mawakili mjini Kajiado, si mbali na mahakama. Jumatatu tulikwenda kwake mimi na mama. Shemeji alisoma karatasi zote, akatuonyesha mambo ambayo ningependa kila nyumba iyajue.

La kwanza ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Kanuni hiyo ni ya kale, imetoka kwa Warumi, na mawakili huiita hadi leo kwa Kilatini, in duplum. Kwa hiyo riba juu ya 328 haikuweza kupita 328, nao walikuwa wameandika 812. Wangeweza kusema kwamba faini na ada si riba, akatuonya, na gharama halisi za ukusanyaji sheria inaziruhusu. Basi wazionyeshe risiti.

La pili lilinishangaza zaidi. Kanuni za CRB za mwaka 2020 haziruhusu mtu kuharibiwa rekodi kwa deni lisilofika shilingi 1,000, tena lazima apewe ilani ya siku 30 kabla ya kulistiwa. Deni langu halisi lilikuwa chini ya kiwango hicho. Ni faini na ada ya kadi iliyofungwa ndizo zilizolinyanyua hadi likaweza kuniharibia jina, na ilani ilitumwa kwenye anwani iliyokufa.

Kuhusu simu aliyopigiwa mama, alitukumbusha kwamba Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu wengine kuwatisha wakopaji. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 nazo zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdeni. Mama alipotafsiriwa hayo aliuliza kama faini hiyo hurudisha mbuzi. Shemeji alinyamaza kidogo, akamwambia hairudishi, lakini aliyeumizwa anaweza kudai fidia.

Novemba 2022, Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kuwarekebishia rekodi watu zaidi ya milioni 4 waliokopa kwa simu, nilisikia redioni nikafurahi kwa niaba yao. Haukuhusu kadi. Wakati huo nilidhani haunihusu mimi kabisa.

Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema akaunti iliombwa kufungwa tarehe 9 Februari 2024, ikataja nambari ya kumbukumbu, ikaambatanisha picha ya karatasi ya fahali na ujumbe wa malipo, ikadai mchanganuo, ikaomba jina liondolewe. Nakala ilikwenda Benki Kuu na nyingine kwa ofisi ya CRB yenyewe, maana mteja ana haki ya kupinga taarifa zake hukohuko zilikowekwa. Tuliituma Jumanne, tarehe 28 Januari. Shuleni nilipeleka nakala, nikawaomba muda. Mwalimu mkuu aliniheshimu sana, akaniambia bodi yake haina ruhusa ya kusubiri.

Tarehe 3 Februari kazi ilipewa mtu mwingine.

Tarehe 13 Februari simu iliita nikiwa nafua. Mwanamke wa sauti ya upole alijitaja jina lake kamili, akaniambia ameisoma barua, na kwamba ameona nambari ya kumbukumbu kwenye mfumo, ilikuwepo siku zote. Faini, ada na gharama zote wanaziondoa. Nilipe 328. Alisema pia pole, neno ambalo sikuwa nimelisikia katika ofisi tatu na madirisha yote yale. Mama angekuwepo ningempa simu, nimwambie, huyu ndiye aliyeona.

Nililipa kwa Paybill nikiwa nimesimama kando ya tangi, mikono ina povu.

Zile 9,200 hatukuzitumia. Tuliziongeza kidogo, baba watoto akaenda Ilbissil akanunua mitamba miwili ya mbuzi, akaipeleka kwa mama yake. Hatukuwapata walewale, walikuwa wameshapakiwa lori la kwenda Nairobi siku ileile waliyouzwa, na mimba zao. Mama aliipokea ile mitamba, akaitazama meno na kwato, akasema ni mizuri. Hakusema zaidi ya hapo, nami sijapata amani juu ya wale wawili.

Kwa hiyo nawaomba walio Benki Kuu, na wabunge wanaotunga sheria hizi, jambo moja. Mkopeshaji alazimishwe kutoa barua ya kumaliza deni siku ileile anayolipwa, na aliondoe jina CRB siku hiyohiyo. Na wewe unayefunga kadi, uliza salio la siku hiyo unayolipa, si la kwenye taarifa ya mwezi, wala usikubali kuagwa bila barua mkononi. Shilingi zangu 328 ziliwafikia kabla sijaufuta mkono. Barua yao ilinifikia tarehe 7 Machi, baada ya siku 22.